Kerneli Ikipaniki, Wewe Usipaniki

Neno kupaniki tunalijua wote. Liko Nairobi, liko Dar, na sisi tuliokulia huku Marekani tumelikuta nyumbani tayari. Wazee wengine hawalipendi, wanasema ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sawa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hupaniki kwa maana kamili, na kikipaniki hakikimbii wala hakipigi kelele. Kinasimama tuli, kinaandika mistari myeupe kwenye skrini nyeusi, halafu basi. Hicho ni kerneli, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta yako.

Tangu tuzungumze kwenye kipindi kuhusu kuweka Qubes OS kwenye laptopu za zamani, meseji zimekuwa nyingi. Tatu kati yake zilifanana sana: moja ya kaka wa Louisville, moja ya dada wa Columbus, moja ya kijana wa Buffalo. Wote watatu walikwama kabla hata ya kufika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Wote walituma karibu maneno yale yale: "Imepaniki, nifanyeje?" Kumbe sababu zilikuwa tatu tofauti kabisa, na dawa zake pia.

Kwa hiyo leo tunaziandika zote tatu. Ukimaliza kusoma utajua kuisoma ile skrini, utajua uanze wapi, na zaidi ya yote utajua kutofautisha dawa inayotibu na dawa inayonyamazisha tu. Kwenye mfumo wa usalama hiyo tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani.

Kwa nini tunahangaika na haya yote

Si unajua kwetu mambo yalivyo. Mtoto anayesoma Kiingereza vizuri ndo ofisi ya familia. Laptopu moja ina fomu za uhamiaji za watu saba, picha za vyeti vya kuzaliwa, kodi za baba, benki ya mama, barua za shule za wadogo. Na laptopu hiyo hiyo ndo inafungua kila kitu kinachotumwa kwenye WhatsApp kutoka Uvira, Bukavu, Kakuma au Dadaab. Mzee anasema, "Fungua hiyo PDF tuone, wanasema ni tangazo la kambi." Unafungua. Kama faili hilo lina kirusi, kila kitu kiko sebule moja na kirusi hicho.

Kwa familia zenye ndugu mashariki ya Congo, hatari si pesa peke yake. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, ujumbe unaosema nani yuko wapi, amelala kwa nani na atapita njia gani ni ujumbe wa kulindwa. Mtu mwenye kompyuta ya familia anabeba siri za watu ambao wengine hajawahi hata kuonana nao.

Juu ya hayo, Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye muda wa nyongeza. Laptopu nyingi za nyumbani kwetu ni za mkono wa pili, na nyingi hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashini bado ni nzima, skrini nzuri, lakini haipati tena masasisho. Ndipo watu wanaanza kutafuta mfumo mwingine.

Qubes OS ni mmoja wa hiyo. Ulianzishwa Poland na Joanna Rutkowska, ukatangazwa mwaka 2010, na toleo la 1.0 likatoka Septemba 2012. Ni wa bure. Wazo lake ni rahisi kwa mtu aliyewahi kuona nyumba za zamani za Lamu au Zanzibar. Mgeni hupokewa barazani. Anakaa, anakunywa kahawa, anazungumza, anaondoka. Ukumbini haingii ovyo, na vyumba vya ndani ndo kabisa. Qubes hugawa kompyuta moja hivyo hivyo: chumba cha benki, chumba cha nyaraka za uhamiaji, chumba cha shule, na chumba cha kufungulia mafaili ya watu ambacho ukikifunga kinafutika pamoja na kila kilichomo. Kirusi kikiingia barazani, kinabaki barazani.

Kuta za vyumba hivyo hujengwa na programu inayoitwa Xen, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Juu ya Xen kuna Linux. Kumbuka hilo, kwa sababu maana yake kuna watu wawili wanaoweza kupaniki kwenye kompyuta moja. Tutalirudia tukifika Columbus.

Kupaniki ni nini hasa

Neno hili kwenye kompyuta lina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu. Mwaka 1969, huko Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuandika mfumo wa Unix. Kabla yake kulikuwa na mfumo mkubwa zaidi, Multics. Tom Van Vleck, mmoja wa mainjinia wa Multics, amesimulia kwamba alimwambia Ritchie kuwa karibu nusu ya kodi aliyokuwa akiiandika ilikuwa ya kujiokoa makosa yanapotokea. Ritchie akamjibu kwamba wao yote hayo wameyaacha. Wana kijisehemu kimoja kinachoitwa "panic": kosa likitokea mashini inasimama, na mtu anapiga ukelele koridoni kwamba iwashwe upya.

Inachekesha, lakini ndani yake kuna busara. Kerneli ndiyo inayoandika kwenye diski na ndiyo inayogawa kumbukumbu kwa programu zote. Ikigundua kwamba haiwezi tena kuamini kilichomo kwenye kumbukumbu yake, ina njia mbili: iendelee na iandike upuuzi juu ya mafaili yako, au isimame. Inasimama. Ndiyo maana mstari maarufu unasema "Kernel panic - not syncing". Hayo maneno mawili ya mwisho yanakuambia kwamba haitamwaga kwenye diski vile vilivyokuwa vikisubiri kuandikwa, kwa kuwa haina hakika kama bado ni vizima.

Kwa hiyo ukiuona mstari huo, usiione kompyuta kama imekufa. Imekataa kuendelea, na imeacha ushahidi wa kwa nini.

Kabla hujagusa kitu

Mambo manne, na tafadhali usiyaruke.

La kwanza, nakala. Kuweka mfumo mpya hufuta diski utakayoichagua. Nyaraka zote na picha za familia ziwe kwenye diski ya nje, na uifungue hiyo diski kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinafunguka. Kupaniki kunakotokea mwanzoni kabisa, kabla ya kuchagua diski, kwa kawaida hakujagusa chochote. Lakini siku itakayokubali, itafuta kweli.

La pili, kama Windows ya hiyo laptopu imefungwa kwa BitLocker, toa ufunguo wa kuiokoa na uuandike pembeni kabla ya kubadilisha chochote kwenye BIOS. Ukizima Secure Boot, Windows inaweza kukuuliza huo ufunguo ukiiwasha tena. Usipokuwa nao, mafaili yamebaki ndani.

La tatu, angalia kama mashini inafaa. Qubes ya sasa inataka prosesa ya biti 64 ya Intel au AMD, RAM isiyopungua GB 6, na diski ya GB 32. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa kazi za kila siku RAM ya GB 16 ndiyo inayopendekezwa, na tunakubaliana nayo. Prosesa pia iwe na uwezo wa kugawanyika, ambao Intel huuita VT-x na VT-d, na AMD huuita AMD-V na AMD-Vi.

La nne, weka simu karibu. Ikipaniki, piga picha ya skrini nzima. Kama mistari inakimbia, chukua video ya mwendo wa polepole halafu isimamishe unapotaka. Na usome kuanzia juu. Mstari wenye neno "panic" ni wa mwisho. Ni kama tangazo la msiba. Kilichoua kimeandikwa mistari kadhaa kabla yake.

Kama skrini inaonyesha picha tu bila maandishi, rudi kwenye menyu ya kwanza ya kisakinishi, ingia sehemu ya utatuzi, uchague njia inayoonyesha maelezo yote. Au bonyeza herufi e kwenye menyu hiyo, tafuta mstari unaotaja vmlinuz, futa maneno "quiet" na "rhgb", halafu bonyeza F10. Badiliko hilo ni la safari hiyo moja tu. Ukizima na kuwasha upya linapotea, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Louisville: flashi iliyonakiliwa nusu

Picha ya kaka wa Louisville ilikuwa na mstari huu: "VFS: Unable to mount root fs". Mara tatu mfululizo, maneno yale yale, mahali pale pale.

Maana yake ni hii. Kerneli imeamka, imefungua macho, imetafuta mfuko wake wa zana haikuuona. Mwanzoni kabisa kerneli hutegemea faili dogo lenye drayva za kwanza, na ndani yake hupata njia ya kufika kwenye mafaili mengine. Faili hilo likikosekana au likiwa limeharibika, haina pa kukanyaga. Inapaniki.

Kwenye usakinishaji mpya, mtuhumiwa wa kwanza ni flashi, na hapa flashi ndiyo iliyokuwa na hatia. Faili la Qubes ni kubwa, GB kadhaa. Likikatika wakati wa kupakua, au flashi ikiwa ya bei ya kutupwa inayodanganya ukubwa wake, utapata kitu kinachoanza vizuri na kufia njiani. Na kuna kosa la kawaida zaidi: programu ya kuandikia. Ukitumia Rufus kwenye Windows, itakuuliza iandike kwa njia gani. Chagua DD. Njia ile nyingine hunakili mafaili moja moja na kubadilisha mpangilio, na Qubes haiupendi.

Hatua ni hizi. Pakua faili kutoka tovuti ya Qubes yenyewe. Linganisha alama yake ya SHA-256 na iliyotolewa na mradi. Kisha thibitisha saini kwa GPG ukitumia ufunguo mkuu wa Qubes. Watu hupenda kuruka hatua ya saini, wakisema alama imelingana inatosha. Haitoshi. Alama inakuambia faili halikuharibika njiani. Saini inakuambia limetoka kwa nani. Mtu aliyekubadilishia faili anaweza kukubadilishia na alama pia.

Kama intaneti ya nyumbani ni ya kusuasua, maktaba za umma za miji yote mitatu zina intaneti ya bure. Nenda na laptopu yako, pakua hapo. Lakini kuthibitisha saini fanya kwenye mashini yako mwenyewe, si kwenye kompyuta ya watu wote.

Halafu chukua flashi nzuri ya GB 16 au zaidi, andika upya, na kwenye menyu ya kwanza uchague njia inayokagua flashi kabla ya kusakinisha. Inachelewesha dakika chache. Kaka wa Louisville alibadilisha flashi na njia ya kuandikia, na mara ya nne ikapita.

Columbus: dawa iliyoondoa mlango

Ukishika I-71 kutoka Louisville unapita Cincinnati na kufika Columbus. Njia ni moja, lakini tatizo la dada wa Columbus lilikuwa jingine kabisa, na hili ndilo lililotufanya tuandike makala.

Flashi yake ilikuwa safi, saini imethibitishwa. Kwenye picha yake, mistari ilianza na herufi XEN kwenye mabano, na wa mwisho ulisema "Panic on CPU 0". Hapa aliyepaniki si Linux. Linux ilikuwa bado haijaamka. Aliyepaniki ni Xen, mjenzi wa kuta, na mistari ya juu yake ilikuwa inalalamika kuhusu VT-d.

Akatafuta ushauri, na mtu akamwambia: ingia BIOS, zima VT-d, mambo yataisha. Akazima. Kweli, kisakinishi kikafunguka mara moja! Ila kabla ya kuendelea kikatoa onyo kwamba vifaa vya kompyuta hii havikidhi masharti. Yeye akasimama hapo akatuandikia: je, nibonyeze niendelee?

Dada, asante kwa kusimama.

VT-d ni nini? Kadi ya Wi-Fi ya laptopu yako, na kadi nyingine kama hiyo, zina ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila kuiomba prosesa. Ni kwa ajili ya kasi. Lakini kadi ya Wi-Fi ndiyo inayoongea na ulimwengu wote wa nje, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kushambuliwa. Qubes huifungia kwenye chumba chake peke yake. VT-d ndo kufuli la chumba hicho: huiambia kadi, kumbukumbu yako ni hii hapa, ukitoka nje ya hapa hupiti. Ukizima VT-d, ukuta unaonekana bado uko, rangi ni ile ile, madirisha yana alama zake, lakini mlango hauna kufuli. Mshambuliaji aliyeikamata kadi ya mtandao anaweza kufika mpaka chumba cha ndani kabisa.

Yaani ungekuwa na Qubes kwa jina. Na ungeweka humo nyaraka za familia nzima ukiamini ziko salama, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu aliye na Windows ya zamani angalau anajua aogope.

Sababu ya kweli mara nyingi ni BIOS ya zamani. Xen huuliza BIOS orodha ya vifaa na mipaka yao. BIOS yenye makosa hutoa orodha isiyoeleweka, na Xen inakataa kujenga juu yake. Dada wa Columbus aliingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, akatafuta modeli yake kamili, akasasisha BIOS huku chaja imechomekwa muda wote. Ukikatika umeme katikati ya kusasisha BIOS, hapo ndo kompyuta inaweza kufa kweli. Kisha akawasha tena VT-d, akajaribu. Xen ikanyamaza, usakinishaji ukaendelea, onyo halikutokea.

Je, kama kusingekuwa na BIOS mpya? Tungemwambia asiendelee kwenye mashini hiyo. Inauma, lakini ndo ukweli.

Buffalo: ushahidi unaobadilika

Kutoka Columbus unaifuata I-71 mpaka Cleveland, halafu I-90 kandokando ya Ziwa Erie mpaka Buffalo. Kijana wa huko alituma picha tano. Na jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba zote tano zilikuwa tofauti. Mara inalalamika kuhusu ukurasa wa kumbukumbu, mara imeua "init" ambayo ni programu ya kwanza kabisa kuamka, mara inafika kwenye kuchagua diski kisha inaganda. Alibadilisha flashi mbili. Alisasisha BIOS. Wapi!

Hapa kuna kanuni ambayo ukiikumbuka peke yake, makala hii imekulipa. Kosa linalorudia maneno yale yale mahali pale pale kwa kawaida ni la programu, flashi au mpangilio. Kosa linalobadilika kila mara kwa kawaida ni la chuma: RAM mbovu, joto, au umeme usiotulia. Ni kama kumhoji shahidi. Anayerudia hadithi moja, chunguza hadithi yake. Anayebadilisha kila siku, chunguza hali yake mwenyewe.

Ipo programu ya bure inayoitwa Memtest86+. Inaandikwa kwenye flashi, inawashwa peke yake bila mfumo wowote, na kazi yake ni kuandika na kusoma RAM yote mara nyingi ikitafuta tofauti. Iache ikeshe usiku. Kosa hata moja ni kosa. Usiseme moja tu si neno. Kwa kijana wa Buffalo mistari myekundu ilianza kabla hajamaliza chai.

Laptopu yake ilikuwa na vipande viwili vya RAM. Alizima, akachomoa chaja, akatoa betri, akaacha kipande kimoja, akapima. Kisha kingine, kwenye tundu lile lile, ili ajue mbovu ni kipande au ni tundu. Kilikuwa kipande. Kipya cha aina ile ile ni rahisi kupata, hata cha mkono wa pili.

Na kwa wa Buffalo wote: laptopu iliyolala kwenye gari usiku wa Januari usiiwashe ukifika tu ndani. Hewa ya joto ikikutana na chuma baridi hutoa unyevu, na unyevu na umeme haviivi chungu kimoja. Iache ndani ya begi lake saa kadhaa ipate joto la nyumba kwanza.

Dawa na bei yake

Hizo tatu si zote. Kuna laptopu zenye kadi mbili za picha ambazo huganda drayva ya nouveau inapoanza. Hapo jaribu kwanza njia ya menyu inayotumia kerneli mpya zaidi, na ikishindikana ongeza "nomodeset" kwenye ule mstari wa vmlinuz. Kuna ambazo kisakinishi hakioni diski kabisa mpaka ubadilishe RAID kuwa AHCI kwenye BIOS. Jua tu kwamba Windows iliyokuwa humo inaweza isiwake tena baada ya hapo. Na kuna Secure Boot, ambayo kwa Qubes inabidi uizime.

Ukitafuta mtandaoni utapewa orodha ndefu ya maneno ya kuongeza. Kila neno lina bei, na kabla ya kulitumia jiulize: linanilipisha nini? "nomodeset" inakulipisha ubora wa picha na kasi kidogo. Usalama haiugusi sana, na ukishasakinisha unaweza kutafuta drayva nzuri. Lakini neno linalozima IOMMU linaondoa kufuli, kama tulivyoona Columbus. Neno "mitigations=off" linaondoa kinga dhidi ya udhaifu wa prosesa kama Spectre na Meltdown, uliotangazwa Januari 2018. Mfumo utawaka, na wewe utashangilia, lakini umenunua kuwaka huko kwa kile kile ulichokuwa unakitafuta.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika kwenye karatasi: nimebadilisha hiki, imetokea hivi. Ukibadilisha vitano pamoja na ikawaka, hutajua ni kipi kilichotibu, na hutajua ni kipi kimebaki wazi bila sababu.

Ukiomba msaada

Mficha uchi hazai. Ukikwama uliza, na uliza kwa ukamilifu: modeli ya laptopu, ukubwa wa RAM, toleo la Qubes, ulichokwisha kujaribu, na picha ya skrini kuanzia mistari ya juu. Swali lenye maneno "imepaniki" peke yake hatuwezi kulijibu, hata tungetaka.

Lakini kabla ya kutuma hiyo picha, itazame vizuri. Je, imechukua namba ya kompyuta? Jina lako? Barua ya uhamiaji iliyokuwa juu ya meza nyuma ya laptopu? Tumepokea picha ambazo meza ilisema mengi kuliko skrini. Kata pembeni, ndo utume.

Na kama baada ya yote laptopu yako haifai Qubes, hujashindwa. Tails huendeshwa kutoka kwenye flashi, haigusi diski, na ukizima inasahau kila kitu isipokuwa ulichoamua kuhifadhi. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2025 inataka RAM ya GB 3. Kwa kufungulia faili la mashaka au kuandika ujumbe nyeti, inatosha kabisa. Kwa nyaraka za kila siku, Linux ya kawaida yenye diski iliyosimbwa na masasisho ya kila wiki ni hatua kubwa kuliko Windows iliyoachwa.

Mfumo wowote kati ya hiyo hauilindi simu ya mama. Ile PDF ikifunguliwa kwenye simu yake, Qubes yako haina habari. Kwa hiyo kaeni mezani, umwonyeshe, umweleze kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu kwa nini ni bora akutumie wewe kwanza uifungulie barazani. Ukikosa neno, tumia la nyumba na vyumba. Wazee wanalielewa haraka kuliko sisi.

Picha za skrini zenu tutumieni, meza zikiwa tupu. Kipindi kijacho tutazungumza kuhusu nywila: namna ya kuzitunza za nyumba nzima bila daftari la jikoni.